Kisomadiski, deki kamili, deki ya DVD au kompyuta: ulinganisho kwa mwenye CD nyingi nyumbani

Mtu aliyekusanya CD kwa miaka ishirini anaijua siku hiyo. Trei ya deki inafunguka inapotaka yenyewe, au diski inasomeka vizuri hadi wimbo wa tano kisha inabaki ikizunguka bila kutoa sauti, na fundi akiitazama anatoa hukumu ambayo wengi tumeisikia: lenzi imechoka. Anapoanza kuulizia deki nyingine ndipo anapokuta kwamba si deki tu zinazouzwa. Kuna pia chombo kinachosoma diski na kuishia hapo, kisichotoa sauti yoyote mpaka kiunganishwe na chombo kingine. Wauzaji wa Ulaya na Marekani hukiita transpoti, jina ambalo dukani kwetu linaweza kukufanya uulizwe unasafiri kwenda wapi, kwa hiyo humu nitakiita kisomadiski.

Ili kuelewa kwa nini chombo hicho kipo, ni lazima kukumbuka kwamba ndani ya kila deki ya CD mna kazi mbili. Ya kwanza ni ya kimakanika na ya mwanga: mota inazungusha diski, mwale wa leza unafuata mstari mwembamba kuanzia katikati kuelekea ukingoni, na kinachosomwa kinakuwa mfululizo wa namba. Ya pili ni kuzigeuza namba hizo ziwe umeme ambao amplifaya inaweza kuukuza, na chombo kinachofanya kazi hiyo nitakiita kigeuzi, kile ambacho kwenye makasha huandikwa DAC. Deki ya kwanza kuuzwa madukani, CDP-101 ya Sony, iliyoingia sokoni Japani tarehe 1 Oktoba 1982, ilifanya kazi zote mbili katika boksi moja. Miaka mitano baadaye, mwaka 1987, Sony hiyo hiyo iliuza CDP-R1 na DAS-R1, boksi la kusoma na boksi la kugeuza, na kuanzia hapo utengano huo haukuondoka tena katika vyombo vya watu wanaojali sauti.

Sababu ya kuvitenganisha ni ya busara. Ufundi wa vigeuzi hubadilika kila baada ya miaka michache, ilhali namna ya kuzungusha diski ya milimita 120 haijabadilika sana. Kwa hiyo mwenye maboksi mawili anaweza kubadilisha moja na kubaki na jingine. Tena siku hizi kigeuzi hutumikia televisheni, kompyuta na simu pamoja na CD, na amplifaya nyingi mpya huja nacho tayari ndani.

Washindani ni wanne. Wa kwanza ni kisomadiski chenyewe: mifano inayojulikana ni CXC ya Cambridge Audio, 6000CDT ya Audiolab na CD Box RS2 T ya Pro-Ject. Wa pili ni deki kamili ya CD, mpya au iliyotumika, yenye matundu mekundu na meupe ya kwenda kwenye amplifaya na mara nyingi pia tundu la kidijitali. Wa tatu ni deki ya DVD au Blu-ray, ambayo katika nyumba nyingi imebaki chini ya televisheni bila kazi. Wa nne ni kompyuta yenye draivu ya diski, inayonakili kila CD mara moja ili isihitajike kuzungushwa tena.

Vigezo vya kulinganishia

Nimevipima vyote vinne kwa mambo matano: aina za diski zinazokubaliwa; ustahimilivu kwa diski zenye mikwaruzo; namna data inavyosafiri hadi kwenye kigeuzi; uhai wa chombo na upatikanaji wa vipuri; na gharama yote pamoja na usumbufu wa kila siku. Msomaji ataona kwamba "sauti" haimo katika orodha hiyo kama kigezo cha peke yake. CD ya kawaida hutoa biti 1,411,200 kila sekunde, na chombo chochote kinachoisoma bila kosa hutoa biti hizo hizo. Kama kuna tofauti ya sauti, basi imeingia njiani, na mahali pake ni katika kigezo cha tatu.

Diski zinazokubaliwa

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa kwetu huumia, kwa sababu makabati yetu hayafanani na ya mtu wa London. Ndani yake mna CD halisi za kiwandani, mna CD zilizochomwa kwenye kompyuta ya mtu, na mna zile diski za MP3 zilizouzwa mitaani zikiwa na nyimbo mia na zaidi za dansi au za taarabu. Kwa macho zinafanana. Kwa mashine ni vitu vitatu tofauti.

Visomadiski vingi vimejengwa kwa ajili ya CD ya muziki peke yake. Ukiiwekea CXC diski ya MP3 haitakupa kitu, na hilo si ubovu wake. Haina ubongo wa kufungua mafaili, kwa kuwa watengenezaji wake waliamua kufanya jambo moja tu. Deki kamili hutofautiana: za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 hazijui MP3 kabisa na baadhi yake hugoma hata CD iliyochomwa, ilhali nyingi za baada ya mwaka 2000 huzisoma zote. Ugomvi wa deki za zamani na diski za kuchomwa una sababu ya wazi. CD ya kiwandani huakisi asilimia 70 au zaidi ya mwanga wa leza, lakini ile inayofutika na kuandikwa upya, CD-RW, huakisi robo tu au chini yake, na lenzi ya deki ya zamani haikuwahi kufundishwa kuona mwanga hafifu kiasi hicho.

Deki ya DVD ndiyo isiyochagua. Husoma CD, CD iliyochomwa, MP3 na bila shaka DVD, na kasoro yake pekee hapa inahusu zile za kizazi cha kwanza kabisa, ambazo zilikuwa na leza moja ya nanomita 650 na hivyo hazikuweza kusoma rangi ya CD-R inayohitaji nanomita 780. Zilizokuja baadaye zina leza mbili. Kompyuta nayo husoma chochote ambacho draivu yake inakiona.

Kuna pia SACD, aina iliyoletwa na Sony na Philips mwaka 1999. Nyingi ni za tabaka mbili, na tabaka la CD lililomo litasomeka na vyombo vyote vinne. Tabaka la SACD lenyewe ni habari nyingine: haliruhusiwi kutoka kwa njia za kawaida za kidijitali, na draivu ya kompyuta hailioni. Baadhi ya deki za Blu-ray, zikiwemo nyingi za Sony, hulisoma na kulipeleka kwa HDMI. Mwenye diski tatu za namna hiyo asihangaike. Mwenye mia moja hana budi kulitazama.

Diski zenye mikwaruzo

Waliobuni CD walijua kwamba watu wataishika kwa vidole vyenye mafuta. Data haikuandikwa kwa mpangilio wa moja kwa moja, bali imechanganywa na kusambazwa pamoja na namba za ziada za kusahihishia, kiasi kwamba mkwaruzo unaofuta milimita mbili na nusu za mstari huweza kurekebishwa kikamilifu. Ukipita hapo, deki hukisia kilichopotea kwa kutazama kilicho kabla na baada yake. Ukizidi zaidi, husikika mkato au kimya. Ndiyo maana mkwaruzo unaokwenda kutoka katikati hadi ukingoni hudhuru kidogo kuliko ule unaofuata mzunguko, na ndiyo maana diski hufutwa kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje. Ndiyo maana pia upande wa kuogopwa zaidi ni ule wenye maandishi: upande wa leza kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja, lakini chini ya maandishi kuna varnishi nyembamba tu juu ya alumini.

Kwa kigezo hiki kompyuta haina wa kushindana naye, kwa sababu moja: haina haraka. Deki inayopiga muziki inasoma kipande kimoja mara moja na kusonga mbele. Programu kama Exact Audio Copy hurudia kipande kilekile mara nyingi, kwa mwendo wa polepole, mpaka majibu yakubaliane, kisha kwa kutumia hifadhi ya AccurateRip huilinganisha nakala yako na nakala za watu wengine waliowahi kunakili diski hiyo hiyo. Ikilingana, una hakika kwamba hakuna biti iliyopotea, hakika ambayo deki yoyote ya kupigia haiwezi kukupa.

Kisomadiski kinatofautiana kulingana na muundo. Audiolab 6000CDT husoma mbele na kuweka akiba ya data, hivyo kinapojikwaa kina nafasi ndogo ya kurudi bila msikilizaji kujua. Vile vya gharama kubwa hutafuta utulivu kwa njia ya uzito na kubana: mfumo wa VRDS wa TEAC na Esoteric hubana diski kwenye sahani yenye upana unaokaribia wake ili isitetemeke, na CEC ya Japani huizungusha kwa mkanda kama sahani ya santuri. Ni kazi nzuri ya mikono na inapendeza kuitazama. Hata hivyo utulivu wa kuzungusha diski nzima si sawa na uvumilivu kwa diski mbovu, na watu huvichanganya viwili hivi mara kwa mara.

Nina diski moja ya taarabu, iliyochomwa, ambayo mtu fulani aliwahi kuiweka juu ya meza ikiwa imelala kifudifudi na kuisukuma. Ina alama ya nusu duara karibu na ukingo. Kisomadiski nilichonacho huisoma hadi wimbo wa sita, kisha kwenye kioo chake sekunde husimama, na ukitega sikio karibu unaisikia lenzi ikipanda na kushuka kama mtu anayetafuta funguo gizani. Deki kamili niliyokuwa nayo kabla yake iliitoa nje kabisa. Deki ya DVD ya bei ya chini kuliko zote nyumbani, ya plastiki tupu, iliipiga hadi mwisho. Si muujiza: mstari wa DVD una nafasi ya mikromita 0.74 kati ya mzunguko na mzunguko, chini ya nusu ya ile ya CD, na mashine iliyozoea kufuata njia nyembamba hivyo huona CD kama barabara kuu. Hata hivyo deki mbili za DVD za daraja moja zinaweza kutofautiana, na mfano wangu mmoja usichukuliwe kuwa sheria.

Safari ya data hadi kwenye kigeuzi

Kisomadiski, deki kamili yenye tundu la kidijitali na deki ya DVD hutumia njia zilezile mbili: kebo ya koaksia ya omu 75, yenye kichwa kama cha waya za kawaida nyekundu na nyeupe, na kebo ya nuru, ile iliyobuniwa na Toshiba. Koaksia ni imara na haivunjiki kwa kukunjwa. Ya nuru haibebi umeme, kwa hiyo inakata ule mvumo wa chini unaosikika pale vyombo viwili vinapochomekwa kwenye soketi tofauti za ukuta. Baadhi ya visomadiski, Pro-Ject RS2 T kikiwa kimojawapo, huongeza njia ya I2S, inayopeleka namba na mapigo ya saa kwa waya tofauti, kwa tundu la umbo la HDMI. Ni njia safi, ila hakuna kanuni moja ya mpangilio wa pini zake, na kisomadiski cha kampuni moja huenda kisielewane na kigeuzi cha nyingine.

Ubishi mkubwa wa wapenzi wa sauti uko hapa. Katika koaksia na nuru, namba husafiri pamoja na mapigo ya saa ndani ya mkondo mmoja, na kigeuzi hulazimika kuyachomoa mapigo hayo ili kijue kila namba igeuzwe lini. Mapigo yakifika yakiwa yametetereka, namba sahihi hugeuzwa kwa wakati usio sahihi. Vigeuzi vya miaka ya 1980 na 1990 viliathirika kwa namna ambayo sikio makini lingeweza kuitambua, na hoja nyingi za kununua kisomadiski cha bei kubwa zilizaliwa wakati huo. Vingi vya miaka ya karibuni huhifadhi data kidogo na kuipangia saa yao wenyewe. Nimekaa jioni nzima nikibadilisha kati ya kisomadiski na deki ya DVD kwa rimoti, kigeuzi kimoja, sauti ile ile, na kama si taa za mbele sikuweza kusema kwa uhakika ipi ni ipi. Mwenye kigeuzi cha zamani anachokipenda ana sababu zaidi ya kutafuta kisomadiski chenye saa nzuri; mwenye kigeuzi cha kisasa anazo chache.

Deki ya DVD ina mtego wake. Baadhi yake, hasa zinapotumia HDMI, hubadilisha sampuli za CD, yaani vipimo vya sauti vilivyoandikwa kwa namba, kutoka 44,100 kwa sekunde kwenda 48,000, na hapo biti zinazofika si zile zilizotoka kwenye diski. Kigeuzi chenye kioo kinachoonyesha namba hiyo hukuambia ukweli kwa mtazamo mmoja. Zaidi ya hayo, katika menyu yake huwa kuna mahali pa kuwasha au kuzima mlango wa kidijitali, na ukiukuta umezimwa utadhani umenunua kebo mbovu.

Deki kamili ikitumika kwa matundu yake ya analogi haina safari ya kuzungumziwa: saa, msomaji na kigeuzi vinakaa sentimita chache kutoka kimoja hadi kingine. Huo ndio utetezi wake bora, na watengenezaji wengi makini wameendelea kuunda deki za boksi moja kwa sababu hiyo hiyo. Kompyuta nayo, ikipeleka faili kwa USB ya kisasa, humwachia kigeuzi awe mwenye saa, na kutetereka kwa mapigo hukoma kuwa suala la msomaji kabisa.

Jambo moja dogo kwa wenye CD za miaka ya 1980: baadhi yake zilirekodiwa zikiwa zimeongezwa sauti za juu, pamoja na alama ya kuiambia deki izipunguze wakati wa kupiga. Deki kamili hutii alama hiyo yenyewe. Kisomadiski huipitisha tu, na vigeuzi vingi vya leo havijui kuisoma; matokeo yake ni matoazi makali yanayochoma masikio. Ukisikia hivyo kwenye diski mbili tatu za zamani tu, usilaumu spika.

Uhai, vipuri na umeme

Kinachokufa kwanza mara nyingi si lenzi. Ni mkanda wa raba wa kutolea trei, wenye ukubwa wa pete ya kidole, ambao hulegea kwa joto na miaka. Fundi mwaminifu huubadilisha kwa dakika chache. Asiye mwaminifu hukuuzia lenzi. Kinachofuata ni vumbi juu ya lenzi, ambalo huondoka kwa pamba na alkoholi safi bila kuikandamiza, maana lenzi hiyo imening'inia kwenye nyaya laini kuliko unywele. Leza yenyewe huchoka mwishoni.

Ikichoka, swali huwa ni lenzi ya aina gani. Deki nyingi za kawaida na redio kubwa za sebuleni zilitumia KSS-213 ya Sony au SF-P101N ya Sanyo, na zote mbili bado huuzwa, nakala zake zikiwa tele. Deki za kifahari za zamani zenye mitambo ya Philips ya familia ya CDM, ile ya mkono wa kuzunguka, zilidumu sana lakini vipuri vyake sasa ni vya kuwinda. Hata CD-Pro2, mtambo uliotumika katika visomadiski vingi vya bei kubwa, uliacha kutengenezwa. Kabla ya kununua kisomadiski cha kampuni ndogo, uliza kimetumia mtambo wa nani na kama muuzaji anayo lenzi ya akiba. Deki ya DVD haina mjadala: ikifa, hununuliwa nyingine au huokotwa kwa jirani.

Wanaonunua vilivyotumika kutoka Japani waangalie bamba la nyuma. Vyombo vya huko ni vya volti 100, na vya Marekani 120. Ukivichomeka moja kwa moja kwenye 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya, transfoma huungua kabla hujamaliza kufungua kasha la diski. Kinahitajika kishusha volti, nacho ni gharama na boksi jingine sakafuni. Kwa wakazi wa pwani kuna chumvi ya hewani, inayokula matundu ya shaba na reli ambayo lenzi huteleza juu yake. Chombo cha trei iliyofungika hustahimili kuliko kile cha kufungua juu, ijapokuwa hicho cha juu ni rahisi kukisafisha.

Kompyuta ina udhaifu wa aina yake. Diski kuu haitoi onyo la kukwamakwama kama lenzi, hufa siku moja na kila kitu. Nakala iwe mbili, sehemu mbili, na CD zenyewe zibaki kabatini.

Gharama na usumbufu wa kila siku

Kisomadiski cha daraja la kuanzia kimekuwa kikiuzwa Uingereza kwa mamia machache ya pauni kabla ya usafirishaji na ushuru. Ukiwa na amplifaya yenye tundu la nuru au koaksia, gharama inaishia hapo. Usipokuwa nayo, ongeza kigeuzi. Na hapa naomba msomaji ainuke akatazame nyuma ya chombo chake, kwa sababu sabufa nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina bluetooth, USB na waya mbili za analogi peke yake. Kisomadiski kwenye sabufa ya namna hiyo ni bubu.

Deki kamili ndiyo nyepesi kwa maisha: waya mbili, rimoti moja, hata mgeni anaweza kuiwasha. Nikilinganisha kwa kigezo hiki peke yake ningeiweka mbele, na kama ina mlango wa kidijitali, mwenye nayo anaweza kuigeuza kuwa kisomadiski siku atakapopata kigeuzi bora.

Deki ya DVD haigharimu kitu ikiwa tayari unayo, lakini utalipa kwa namna nyingine. Nyingi hazina kioo cha kuonyesha namba ya wimbo, hivyo televisheni inabaki imewashwa ili ujue uko wapi. Hupata diski polepole. Na katika chumba kimya baadhi hunguruma kuliko mpiga zeze anayepapasa nyuzi.

Kompyuta hutaka muda. Tuseme una CD 300 na kila moja inachukua dakika nane kunakiliwa kwa makini: hizo ni saa 40, mbali na kuandika majina. Kwa muziki wa Ulaya na Marekani majina hujaza yenyewe kutoka hifadhi kama MusicBrainz. Kwa albamu ya dansi iliyotolewa kwa nakala chache au taarabu ya kikundi cha mtaani utaandika mwenyewe, wimbo kwa wimbo, huku umevaa miwani kusoma karatasi iliyofifia. Nafasi ndiyo isiyosumbua: kwa mfumo wa FLAC, usiopoteza chochote, albamu huchukua takriban megabaiti 300, na zote 300 hazifiki gigabaiti 100.

Kipi kwa nani

Kama CD zako ni za kiwandani, zimetunzwa, na amplifaya yako ina kigeuzi ndani, kisomadiski ni chaguo lenye mantiki: unalipia usomaji peke yake na hulipii kigeuzi cha pili kitakachokaa bure. Kama unacho kigeuzi cha zamani unachokienzi, tazama visomadiski vyenye sifa ya saa iliyotulia, ujaribu na kurudisha ikiwezekana.

Kama amplifaya yako ni ya analogi tu na hutaki maboksi mawili, au chombo kitatumiwa na wazazi nyumbani ambao wangependa kubonyeza kitufe kimoja, chukua deki kamili. Iliyotumika inafaa pia, mradi trei ijaribiwe mara kumi mfululizo na wimbo wa mwisho wa diski ndefu upigwe, kwa kuwa lenzi iliyochoka au reli iliyokauka hujitambulisha ukingoni.

Kama kabati lako limejaa diski za kuchomwa na za MP3, anza na deki ya DVD uliyo nayo na kebo ya koaksia kabla ya kutoa pesa yoyote. Huenda ukatulia hapo miaka mitano. Mwenye SACD nyingi aende kwenye Blu-ray inayozisoma. Mashine za Oppo zilizopendwa kwa kazi hiyo ziliacha kutengenezwa mwaka 2018, kwa hiyo zilizopo ni za mkono wa pili na vipuri vyake vinazidi kuadimika.

Kama diski zako ni za pekee, rekodi ambazo hazipatikani popote, zinakili kwenye kompyuta hata kama utanunua chombo kingine chochote kati ya vilivyotajwa, na uanze na zile zinazoonyesha madoa kwenye upande wake unaong'aa.

Na ukienda dukani au kwa mwenye kuuza, kwa chaguo lolote, usibebe diski yako nzuri kuliko zote. Beba ile inayokwama kwenye wimbo wa tano.